Somo: Kumtafuta na kumheshimu ndugu aliyefia jeshini, tangu Force Publique hadi leo

Jambo wote. Watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanapita kila siku karibu na Kambi Saio. Saio ni mji wa Ethiopia, siku hizi unaitwa Dembidolo. Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri huko pamoja na jeshi lake mbele ya Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Wabelgiji. Vijana wetu ndio waliofika huko, wakapanda milima ile na mizigo mgongoni, na wengine hawakurudi. Lakini uliza mtaani jina la mmoja tu aliyefia huko, ni nadra upate jibu.

Somo hili ni kwa ajili ya familia zenye mtu wa namna hiyo: babu wa vita vya zamani, baba wa miaka ya Zaire, au kaka wa juzi. Kumheshimu marehemu kunaanza na kumjua: jina lake kamili, alikofia, mwaka wake. Sala na maua vije baada ya hapo.

Hatua ya 1: Keti na wazee, hasa shangazi

Msianze na intaneti. Anzeni na mzee mkubwa kuliko wote ambaye bado anakumbuka, na msiwasahau mashangazi. Katika familia nyingi za kwetu wanaume wanajua mashamba na mipaka, lakini anayejua nani aliondoka akiwa ameacha mimba ya miezi mingapi ni shangazi.

Ulizeni jina lake la kuzaliwa, la ubatizo, na la baba yake. Ulizeni kijiji, sheferi (eneo la chifu) na misheni alikobatizwa, nani aliandikishwa naye siku moja, na nani alirudi na kuleta habari za kifo. Swali hilo la mwisho msiliruke. Mara nyingi aliyeleta habari ndiye aliyemzika, na watoto wake wanaweza kuwa na simulizi ambayo nyinyi hamna.

Wazee wengi hawatataja mwaka, kwa hiyo tumieni matukio. Aliondoka kabla au baada ya lava ya volkano Nyamulagira kuingia Ziwa Kivu? Mlipuko ule ulianza 1938, ukaendelea hadi 1940. Alikufa kabla ya mamluki wa Mbelgiji Schramme kuuteka mji wa Bukavu? Basi ni kabla ya Agosti 1967. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anatambaa uhuru ulipokuja? Mmeshapata 1960. Kwa maswali kama hayo mtafika karibu sana na mwaka wenyewe.

Rekodini kwa simu, ila ombeni ruhusa kwanza. Mzee akinyamaza, mwacheni anyamaze. Mwanzoni mwa rekodi taja jina la anayezungumza, mahali na tarehe, kwa sababu miaka ishirini ijayo hakuna atakayeitambua sauti hiyo.

Hatua ya 2: Fungueni sanduku

Tafuteni karatasi. Kubwa kuliko zote ni kijitabu cha jeshi, na ndani yake matrikule, yaani namba ya askari ya kuandikishwa jeshini. Ukiwa na matrikule kazi inakuwa nusu, maana majina yanafanana, matrikule hazifanani. Kama kijitabu kimepotea, angalieni nyuma ya picha, kwenye barua za zamani, hata kwenye mfuniko wa sanduku lenyewe, maana askari waliandika namba zao kwenye vitu vyao.

Kama kuna nishani, isomeni kwa makini. Utepe wa nishani unaweza kuwa na kipande chembamba cha chuma chenye neno, na neno hilo linataja vita. MAHENGE ni vita ya kwanza ya dunia, kampeni ya 1917 katika Tanzania ya leo. ABYSSINIE ni Ethiopia, 1941. Kwenye nishani hizo za 1940-1945 utakuta pia NIGERIE, MOYEN-ORIENT (Mashariki ya Kati) au BIRMANIE (Birma, leo Myanmar). Msiisugue nishani kwa majivu wala dawa ya meno, mtafuta maandishi. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, muipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, kisha muifunge kwenye kitambaa cha pamba.

Hatua ya 3: Jueni jeshi liliitwaje wakati wake

Hadi 1960 ni Force Publique. Baadaye ANC (jeshi la taifa la Kongo), tangu 1971 FAZ (jeshi la Zaire), tangu 1997 FAC (jeshi la Kongo baada ya Zaire), na tangu 2003 FARDC, jeshi la nchi la leo. Mkiandika FARDC kwenye barua inayomhusu mtu aliyefariki 1916, anayeisoma atajua hamjatafuta.

Kwa vita ya kwanza, upande wetu wa Kivu ulikuwa mstari wa mbele hasa. Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi Septemba 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Tombeur wa Ubelgiji yalivuka kwenda Rwanda na Burundi, yakaingia Tabora tarehe 19 Septemba, na mwaka uliofuata yakafika Mahenge. Katika vita ya pili kulikuwa na Asosa, Gambela na Saio mwaka 1941, halafu kikosi kilichopelekwa Nigeria na baadaye Misri na Palestina, na hospitali ya vita ya Wakongo iliyofanya kazi Birma. Ethiopia maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Kwa hiyo mzee akiwaambia "alikufa kwa kuhara", msione aibu kuandika hivyo. Alifia vitani.

Hatua ya 4: Andikeni barua

Hifadhi kubwa ziko Ubelgiji: Nyaraka za Taifa mjini Bruxelles, zilikohamishiwa karatasi za koloni zilizokuwa Wizara ya Mambo ya Nje, Jumba la Makumbusho la Jeshi, na Makumbusho ya Afrika huko Tervuren. Iko pia rejista ya Wabelgiji ya waliofia vitani kwenye intaneti, na kuisoma ni bure.

Barua iwe fupi, kwa Kifaransa, mtu mmoja kwa barua moja. Wekeni jina na tahajia zake zote. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia: jina Cirimwami linaweza kuwa Tshirimwami au Shirimwami, Mushagalusa inaweza kuwa Moushagaloussa, na karani Mflemi (Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi) aliweza kuandika "oe" mahali pa "u". R na L zinabadilishana, J inakuwa Dj. Andikeni orodha ya tahajia zote kabla ya kutafuta. Kumbukeni pia kwamba Bukavu katika karatasi za kati ya 1927 na mwanzo wa miaka ya 1950 ni Costermansville, na kwamba kabla ya 1933 Kivu ilikuwa sehemu ya mkoa wa Orientale.

Msidharau parokia. Daftari la ubatizo lina jina la baba, kijiji na tarehe, na mara nyingine padri aliandika pembeni habari za kifo.

Hatua ya 5: Kama ni kifo cha karibuni

Hapa kuna heshima na kuna haki, na haki ina karatasi zake. Sheria ya tarehe 15 Januari 2013 kuhusu hali ya mwanajeshi wa FARDC inawatambua mjane na yatima. Kwa kawaida dosie (faili la madai) inadai cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na karatasi ya kikao cha familia inayosema nani anasimamia urithi. Kama kifo hakikuandikishwa kwa wakati, mahakama ya amani inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya cheti.

Tengenezeni nakala za kila karatasi kabla ya kuitoa mkononi. Na atakayekuja nyumbani kwa mjane akiomba pesa ili "asukume dosie", mfungieni mlango.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Tarehe bora kwetu ni 1 Agosti, siku ya wazazi nchini Kongo. Tayari nchi nzima asubuhi iko makaburini inafyeka majani, na mchana watoto wanawapongeza wazazi walio hai. Kwa aliyelala hapa Bukavu, kwa mfano makaburi ya Ruzizi, nendeni mapema, pelekeni panga, jembe, ndoo ya maji na rangi nyeupe. Kwa aliyezikwa mbali au asiyejulikana alipo, kutaneni kwenye rugo (ua wa nyumbani) la familia.

Mtoto au mjukuu asome kwa sauti: jina lake, mwana wa nani, wa kijiji gani, alihudumu kikosi gani, alifia wapi, mwaka gani. Maneno hayo hayo ndiyo mtakayoandika kwenye jiwe au kibao cha saruji. Msiandike "shujaa" mkaacha jina la baba yake. Sifa mtoto anaweza kuzisikia popote, lakini jina la baba wa babu hatalipata kwingine.

Baadaye mzee asimulie, watu wale, na nakala ya karatasi yote igawiwe kila nyumba.

Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia aliyehudumu Birma. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliumia kwa ajili ya wenzake wote waliotangulia bila kupewa mkono. Kwa hiyo msingoje sherehe ya serikali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja wa Bagira: *Mwalimu, babu yetu hakuwa askari. Alichukuliwa kubeba mizigo, akafia njiani kuelekea Tabora. Anastahili?*

Anastahili kabisa, mama. Wapagazi wa upande wa Wabelgiji katika vita ile walizidi laki mbili, na bila mabega yao hakuna risasi moja ingefika Tabora. Wengi hawakuvaa sare wala kupewa matrikule, ndiyo maana huko Bruxelles ni vigumu kuwapata. Kwake yeye hatua ya 1 ndiyo kila kitu. Andikeni "mpagazi, alifia njia ya Tabora, 1916", na jina lake lisomwe pamoja na ya askari.

Dada wa Goma: *Kaka yetu tangu aende mstari wa mbele simu haipiti. Mama anakataa kilio, wajomba wanataka kifanyike. Tufanyeje?*

Pole sana dada. Msimlazimishe mama. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ina njia yake kwa mtu asiyejulikana aliko, na njia nyingine kwa aliyetoweka katika hatari ya kifo. Zote zinapitia mahakamani, kwa hiyo tafuteni mwanasheria kabla ya kugusa mali au ndoa. Msalaba Mwekundu nao una kazi ya kutafuta waliopotea vitani, nendeni mkaandikishe jina. Kwa sasa fanyeni sala ya kumwombea, isiitwe kilio. Na kama mahali mlipo picha ya mwenye sare inaweza kuwaletea shida, sala ifanyike ndani, picha muiweke kwa ndugu aliye mbali. Usalama wa walio hai unatangulia.

Ndugu wa Lubumbashi: *Nkambo (babu) wangu alikuwa jandarma wa Katanga, askari wa jimbo lililojitenga na Kongo, alikufa 1962. Wengine wanasema huyo alipigana na nchi. Kibao chake tukiandike nini?*

Andikeni ukweli: "Jandarma wa Katanga, alikufa 1962", na mahali kama mnapajua. Msimgeuze askari wa ANC ili watu wasiseme. Kumkumbuka nkambo si kutetea kila amri aliyopewa. Ila kama majirani zenu nao walipoteza mtu wakati ule, nendeni mkawaambie kabla ya siku, wasije kushtushwa na ngoma.

Kaka wa Kadutu: *Nishani za babu naweza kuzivaa tarehe 1 Agosti?*

Alipewa yeye, kaka. Ziwekeni mezani kando ya picha yake, juu ya kitambaa safi, na mtoto afundishwe kuzisoma. Wakija wanunuzi wa vitu vya zamani, msiuze: wakati mwingine kile kipande cha chuma ndicho ushahidi pekee mlio nao.

Yaya (mkubwa wetu) wa Nguba: *Babu alikuwa na wake wawili. Nyumba ya pili ina kijitabu chake na wamekataa kukitoa.*

Msiombe kitoke. Ombeni kupiga picha kila ukurasa, hapo hapo kwao, wakiwa wameketi nanyi. Nendeni na kitu cha kuwapa mama zenu mkononi, na mtu wa makamo wa kuzungumza, si vijana peke yao. Wapeni na nyinyi nakala ya picha au simulizi mliyo nayo. Na tarehe 1 Agosti watoto wa nyumba zote mbili wasome jina kwa zamu. Mkubwa wa umri ndiye aanze, awe wa mama yeyote.