Pumu ikibana kwenye kiti cha meno

Mgonjwa wa pumu akibanwa kifua katikati ya matibabu, toa kwanza pamba, vyombo na kila kilichomo mdomoni, kisha mwinue akae wima. Usimlaze, akilala anazidi kukosa pumzi. Tikisa inhela ya salbutamoli (dawa ya kufungua njia za hewa, mikrogramu 100 kwa mpulizo), ichomeke kwenye spesa (chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo), mpe mpulizo mmoja kila sekunde 30 hadi 60, mwisho 10. Bila spesa, dawa nyingi huishia kooni. Mpe oksijeni lita 15 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko. Asipopata nafuu haraka, ita ambulensi. Na kifua kikiacha kukoroma huku bado anahangaika, usidhani amepona: hewa karibu haipiti kabisa. Siku ya miadi, inhela yake ikae mezani, si mkobani.