Jinsi ya Kutengeneza Video za Mtandaoni Bila Kuonesha Sura Yako

Wapo watu wengi hapa Moshi wenye maarifa ya kufundisha wengine kwa video, lakini nia yao haivuki hapo kwa sababu hawataki kuonekana. Mwalimu hataki kuwa gumzo la darasa, mtumishi wa ofisi hataki mkuu wake amwone akikaanga vitunguu, na mwingine amechoka tu kuishi katika mji ambao huwezi kutoka Mbuyuni hadi Kiboriloni bila kuulizwa habari za nyumbani. Sababu hizi zote ni halali, na hakuna hata moja inayozuia kazi. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba mtazamaji asiyeona uso hutafuta mahali pengine pa kupima kama anayemfundisha anakijua anachokisema, na mahali hapo ni pawili tu: sauti na mikono. Mwongozo huu utaeleza namna ya kuviandaa vyote viwili, kwa kutumia mfano wa video ya kukaanga kahawa jikoni.

Chagua kwanza somo ambalo kitu chenyewe kinaonekana kikibadilika. Kahawa inafaa kwa sababu punje hutoka rangi ya kijani iliyofifia, zikapita manjano, zikafika kahawia mbele ya macho ya mtazamaji. Mtori, ushonaji, ubebeshaji wa miche ya parachichi na utengenezaji wa pikipiki vinafaa kwa sababu hiyohiyo, na masomo ya kompyuta yanaweza kufanywa kwa kurekodi kioo chenyewe kwa programu ya bure kama OBS Studio. Sishauri mtu aanze na mawaidha ya mafanikio yanayosomwa juu ya picha za magari ya kifahari zilizookotwa mtandaoni. Video za namna hiyo zimejaa kupita kiasi, na tangu Julai 2025 YouTube imeweka wazi zaidi kwamba maudhui ya kujirudiarudia yanayozalishwa kwa wingi hayastahili kulipwa.

Kabla ya kugusa kamera, andika maneno yote utakayosema. Gawa karatasi sehemu mbili, upande mmoja maneno na upande wa pili picha itakayoonekana wakati maneno hayo yanasikika, kisha soma kwa sauti huku ukiangalia saa. Usieleze kile ambacho jicho linakiona lenyewe. Hakuna haja ya kusema "sasa ninamimina kahawa kwenye kikaango" ilhali kila mtu anaiona ikimiminwa. Tumia nafasi hiyo kueleza yasiyoonekana: kwa nini moto usiwe mkali mwanzoni, harufu ya majani mabichi inageuka lini kuwa harufu ya mkate, na kwa nini punje zinapofika karibu nyuzi 200 za Selsiasi huanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi. Mlio huo wa kwanza ndio mwanzo wa kahawa iliyokaangwa kidogo; ukiendelea hadi mlio wa pili, ulio mwepesi na wa haraka zaidi, mafuta hujitokeza juu ya punje na ladha huwa chungu. Mtu aliyewahi kukaanga mwenyewe hujulikana kwa maelezo kama haya, na hapo mtazamaji huacha kuuliza uso uko wapi.

Sauti irekodiwe kabla ya picha au kando ya picha, na isitegemewe ile inayonaswa wakati wa kupika. Nyumba zetu nyingi zina paa la bati, na mvua ya masika ikianza hakuna maikrofoni ya bei yoyote itakayokuokoa. Basi rekodi alfajiri au usiku, wakati bodaboda zimepungua na fundi wa kuchomelea mageti wa jirani amefunga. Chagua chumba kidogo chenye kitanda, mapazia na nguo nyingi, kwa kuwa vitu laini humeza mwangwi ambao kuta tupu huurudisha. Simu yenyewe inatosha. Iweke umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya herufi kama "p" na "b" isiigonge moja kwa moja, kisha izime mawasiliano yote ili mtu asikupigie katikati ya sentensi. Anza kwa sekunde 10 za kimya, kwa sababu programu kama Audacity inaweza kujifunza ngurumo ya chumba kutoka kwenye kimya hicho na kuipunguza katika rekodi nzima. Ukikosea, usisimamishe, piga kofi moja, urudie sentensi tangu mwanzo, na wakati wa kuhariri utaona alama ya kofi imechomoza kwenye mchoro wa sauti na kukuonesha pa kukata.

Kuhusu sauti za kompyuta, zipo zinazosoma Kiswahili, na Microsoft ina hata zile zilizotengwa kwa ajili ya Kiswahili cha Tanzania. Husoma sentensi za kawaida vizuri, lakini zinaweza kujikwaa kwenye vifupisho, tarakimu na majina ya mahali, na hazijui kusitasita pale ambapo mpishi husitasita. Ikiwa hata sauti yako ungependa isitambulike, ni afadhali umwombe ndugu au rafiki aisome karatasi yako, au uache sauti ya kikaango na moto peke yake huku maelezo yakionekana kwa maandishi.

Katika kupiga picha, mwanga ndio kazi kubwa. Weka jiko karibu na dirisha au mlango ili mwanga uingie kutoka ubavuni, na uzime taa ikiwezekana. Umeme wetu ni wa herzi 50, na baadhi ya taa hupepesa kwa kasi ambayo jicho halioni lakini kamera inaiona. Endapo huna budi kuwasha taa, chagua fremu (yaani picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde ikiwa simu yako inaruhusu. Funga simu kwenye stendi, au kwenye ubao uliolazwa juu ya viti viwili virefu, ikitazama chini mikono yako, kisha bonyeza na ushikilie kidole kwenye kioo hadi simu ifunge mwanga na ukali wa picha, la sivyo picha itang'aa na kufifia kila mkono unapopita. Kila tendo lipige kwa mbali, halafu kwa karibu sana. Shika simu kwa mlalo ikiwa ni video ndefu ya YouTube, na kwa wima ikiwa ni ya TikTok.

Kujificha kunataka umakini zaidi ya kukwepa uso. Sufuria iliyosuguliwa na birika huakisi sura yako nzima. Kovu la mkononi, sare ya shule kambani na namba ya gari uani vyote husema. Hata Mlima Kilimanjaro husema: mwenyeji akiona dirishani vilele vya Kibo na Mawenzi vimekaaje, anakisia uko upande wa Machame au wa Marangu. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera, fungua akaunti kwa barua pepe mpya, na uzime kipengele kinachoruhusu TikTok kuipendekeza akaunti yako kwa watu walio na namba yako. Unaporekodi kioo cha simu, zuia kwanza ujumbe usitokee, hasa ule wa salio la pesa.

Uhariri ni mwepesi ukianza na sauti: itandaze yote kwenye programu ya kuhariri video kama CapCut, halafu kata picha ziifuate. Muziki uchukue kwenye maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe. Wimbo wa Bongo Fleva usio na idhini unaweza kumpa mwenye nao mapato yote ya video, na maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli.

Serikali na Google, mwenye YouTube, hawatakuwa gizani kama watazamaji wako. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, pamoja na marekebisho ya mwaka 2022, zinadai leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa baadhi ya huduma, zikiwamo za habari, kwa hiyo uliza kwanza katika ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iliyoko Arusha. Ili kupata mgawo wa matangazo kwa video ndefu, YouTube hutaka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na malipo hutoka kwa jina lako halisi baada ya kufikia dola 100.

Video ikikamilika, tafuta watu wawili wasiojua kukaanga kahawa. Mmoja aitazame bila sauti, mwingine aisikilize bila kuangalia kioo, kila mmoja akikueleza anachodhani kinafanyika. Pale wa kwanza anapopotea, piga picha upya. Pale wa pili anapopotea, rekodi maneno hayo upya, ndipo uipandishe.