Kahawa ya Ramadhani bila kukesha

Fundi cherehani hana mwezi wenye kazi kama Ramadhani. Likiingia kumi la kati vitambaa vinamiminika, kila mzazi anataka kanzu ya mwanawe iwe tayari kabla mwezi haujaandama, na kazi yenyewe nyingi inafanyika usiku. Mwezi huohuo ndio ambao kahawa ya Unguja inanyweka hasa. Watu wakitoka tarawehe hujazana barazani, dele liko juu ya makaa, kashata zipo, maneno hayaishi. Mimi kahawa naipenda, ila mikono yangu haiiwezi. Vikombe vinne vitano vya usiku tu na vidole vinaanza kutetemeka. Hebu jaribu kutarizi shingo ya kanzu kwa vidole vya namna hiyo. Nikilala nao moyo unadunda kama niliyepanda ngazi. Kuacha baraza sitaki, kwa hiyo nimejipangia namna ya kunywa na wenzangu bila kujijaza kafeini. Mwenye shida kama yangu achukue litakalomfaa.

Kazi huanza Shaaban. Mtu aliyezoea kahawa kila asubuhi akaikata ghafla siku ya kwanza ya kufunga, kichwa kitamgonga. Maumivu haya huanza baina ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, hukolea siku ya kwanza na ya pili, na kwa wengine huburura hadi siku 9. Wengi hulaumu njaa, kumbe mwili unadai kafeini yake. Kwa hiyo ikifika nusu ya Shaaban anza kushuka: vikombe vitatu viwe viwili kwa siku tatu nne, kisha kimoja, kisha nusu. Cha kuondoa mwanzo ni cha asubuhi, maana hicho Ramadhani hutakipata kwa vyovyote. Na ukiumwa kichwa usiku, soma pakiti ya dawa kabla ya kumeza. Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge. Meza viwili saa nne usiku, halafu ushangae kwa nini usingizi umekukimbia.

Jambo la pili ni kuijua buni unayonunua, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Kahawa ya Bukoba kwa sehemu kubwa ni robusta. Ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga ni arabika. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika: gramu moja ya arabika hubeba miligramu 12 hivi, ya robusta hukaribia au hupita 20. Usitegemee jina lililoandikwa kwenye gunia, mwagia punje chache kiganjani. Ya robusta ni ya mviringo na mfuo wake wa katikati umenyooka. Ya arabika ni ndefu kidogo, na mfuo wake umepinda kama mkia wa herufi S. Zikishachanganywa utaziona zote mbili, na muuzaji mkweli atakwambia amechanganya kwa kiasi gani.

Rangi isikudanganye. Buni iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi ti haina kafeini nyingi kuliko ile ya kahawia. Moto haupunguzi wala hauongezi kitu cha maana, unabadilisha uchungu tu. Watu huonja uchungu wakadhani wameonja nguvu. Uchungu ni wa ulimi, kafeini inahesabiwa kwa gramu za buni ulizotia.

Basi tuhesabu, kwa hesabu ya jikoni na si ya maabara. Dele la lita moja, vijiko 6 vya mezani vya kahawa iliyosagwa, vilivyosawazishwa, ni kama gramu 30. Ikiwa ni arabika dele zima lina miligramu 360 hivi, na linatoa vikombe vidogo 14. Kila kikombe basi kina 25. Ikiwa ni robusta, kila kikombe kinapita 40. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na mjamzito asipite 200. Vikombe vya baraza ni vidogo na ndiyo hila yao: mkono unakwenda wenyewe, mazungumzo yamenoga, na cha tisa kimeshuka kabla hujakumbuka cha pili. Tena dele lililokaa juu ya makaa tangu magharibi maji yake yanapungua na kafeini inabaki palepale, hivyo vikombe vya mwisho wa usiku ndivyo vikali kuliko vyote.

Saa ya kunywa ina uzito kuliko idadi. Kwa mtu wa kawaida nusu ya kafeini huchukua kama saa 5 kutoka mwilini, kwa mjamzito zaidi sana. Kikombe cha saa tatu na nusu usiku, ikifika saa nane na nusu, nusu yake bado imo, na daku hiyo imeshafika. Mimi kahawa ya kweli naitanguliza: nafuturu kwa tende na maji, nasali magharibi, nakula, kisha nakunywa vikombe viwili vya arabika nikiwa nimekaa kwangu, taratibu, nikiionja. Hivyo ndivyo vyangu vya siku. Tarawehe naiswali nikiwa macho, na kufika saa saba nikizima cherehani usingizi unakuja bila kuitwa.

Baada ya hapo barazani nanywa kahawa ya kokwa za tende. Waarabu wa Ghuba wanaijua, haina kafeini hata chembe, na Ramadhani kokwa zimejaa kila nyumba zikingoja kutupwa. Mke wangu ana bakuli yake mlangoni mwa jiko. Kila anayefuturu huacha kokwa humo. Zioshe kwa maji ya vuguvugu, uzisugue mpaka utelezi na utando mwembamba wa tende vitoke vyote, maana sukari iliyobaki itaungua na kuleta ladha ya masizi. Zianike juani siku mbili tatu. Miaka hii, Ramadhani ikiangukia Februari na Machi, jua la kaskazi halina mchezo.

Kisha zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, huku unakoroga. Hapa usiwe na haraka. Mwanzo hakuna kinachotokea, halafu zinaanza kutoa harufu ya mkate unaookwa, zinapiga wekundu, mwisho zinakuwa rangi ya mbao ya mninga. Vunja moja kwa nyundo: ikiwa ndani bado nyeupe, endelea. Zikiwa tayari zinavunjika kwa mlio mkavu. Usizitie kwenye blenda ya nyumbani nzimanzima, kisu kitakufa. Zitwange kwanza kwenye kinu cha chuma, au zipeleke kwa wenye mashine ya kusaga viungo. Chekecha, na unga utie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana.

Dele langu la usiku ni hili: lita moja ya maji, kipande cha tangawizi mbichi cha urefu wa kidole gumba kilichopondwa, punje 6 za iliki zilizopasuliwa, kijiti cha mdalasini na karafuu 2, zisizidi, karafuu ni bwana mkubwa. Chemsha dakika 10. Tia vijiko 5 vya unga wa kokwa na kijiko 1 tu cha arabika, acha itokote polepole dakika 5, shusha, iache ituame kabla ya kumimina. Kile kijiko kimoja ni kwa ajili ya harufu. Kimegawanyika kwenye vikombe 14, kila kimoja kinapata miligramu 4 hivi. Asiyetaka kabisa akiache, aongeze kokwa. Tangawizi ndiyo inayofanya kazi ya kuuma koo, na wanywaji wengi wa baraza wakisema kahawa kali huwa wanaisema tangawizi. Ikibaki, itie kwenye friji. Kesho yake, joto likizidi, inanyweka baridi na maziwa kidogo.

Siku ya kwanza nilipolileta dele hilo barazani, mzee mmoja aliinusa, akapiga funda, akanyamaza.

"Ami, imekuwaje?" nikamuuliza.

"Nzuri. Lakini kahawa umeisahau nyumbani, mwanangu."

Akaomba kikombe cha pili. Wenzetu wa Yemen nao wana yao, qishr, inayochemshwa kwa maganda ya buni na tangawizi. Hiyo ina kafeini, ila chache kuliko ya buni yenyewe. Ukiwa na jamaa Hadhramaut mwombe akuletee.

Mitego mingine naitaja kwa haraka. Chai nayo ina kafeini, kikombe kikubwa cha rangi kinaweza kufika 40 au 50. Kopo la kola ni 30 na kitu, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, kopo dogo la mililita 250, ni 80. Vijana wanavishushia futari halafu wanakesha kwenye simu. Kahawa iliyotolewa kafeini, ambayo Mjerumani Ludwig Roselius wa Bremen alianza kuiuza karne iliyopita, inapatikana kwenye supamaketi kubwa. Inabaki na kafeini kidogo sana. Mimi bei yake hainiingii akilini wakati kokwa ni bure, lakini anayeimudu aitumie. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha asinisikilize mimi fundi, amsikilize daktari wake.

Inabaki siku ya Idi, na hiyo ina mtihani wake. Unazunguka nyumba kumi, na kila nyumba inakumiminia. Kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Hapa nawashukuru Waomani kwa adabu yao: ukipewa kikombe kipokee, kinywe, na kabla hajamimina tena kitikise kidogo kushoto na kulia huku unamrudishia. Maana yake imetosha, na hakuna anayekasirika. Kwenye nyumba isiyoijua adabu hiyo omba nusu tangu mwanzo, ukishike kikombe mkononi muda mrefu, na ule halua. Mwenye nyumba humimina kwenye kikombe kitupu, si kwenye kilichojaa nusu.