Kubadilisha gari ya zamani: jicho la rangi na pua ya bustani vinatosha kukuokoa na gari bovu

Mi sio fundi na sio dalali. Jumamosi nashinda bustanini, jioni napaka rangi kwenye kanvasi picha ambazo nyingi hata sizimalizi, na katikati ya hayo mawili kulikuwa na gari moja ya siku nyingi iliyobeba samadi, miche, ndoo, stendi ya kuchorea na watoto, wakati mwingine vyote kwa mpigo. Ilipofika wakati wa kuibadilisha nikagundua kitu, yani yale mazoea ya bustani na brashi yamenisaidia kukagua gari kuliko ushauri wote niliopewa na watu. Basi nakuelekeza nilivyofanya, na pale nilipochemka nitakwambia.

Kwanza kabisa hakikisha gari yako kweli imechoka, usije ukawa umeichoka wewe tu. Chukua daftari, andika matengenezo yote ya miezi 12 iliyopita, afu chora mstari katikati. Upande mmoja weka vitu vinavyoisha kwenye gari yoyote ile: tairi, pedi za breki, betri, plagi, oili, filta, raba za waipa. Hivo usivihesabu kama sababu ya kuuza manake gari mpya nayo itakudai hivohivo. Upande wa pili weka magonjwa ya kweli: giaboksi inateleza au inachelewa kushika gia, injini inachemsha kila baada ya muda hata baada ya kutengenezwa, kutu imekula chesisi yenyewe na sio mlango tu, au spea imekuwa ya kuwindwa mwezi mzima. Upande wa pili ukiwa na mistari miwili mitatu inayojirudia, hapo ndo uanze safari ya kutafuta nyingine. Ukiwa mtupu, badilisha tairi uendelee na maisha.

Sasa kabla hujaenda kuangalia gari hata moja, pima mzigo wako. Watu wengi tunachagua gari kwa sura afu tunarudi nyumbani tunakuta reki haiingii. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, na ndoo hiyohiyo ukiijaza udongo uliolowa inaweza kupita kilo 30, kwahiyo ndoo tano nyuma ni kama umepakia watu wazima wawili, na ndo pale unaona gari imekalia tairi za nyuma. Kwenye gari nyingi kuna kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachoonyesha presha ya tairi, na zingine zinaonyesha na uzito unaoruhusiwa kubeba, kisome. Kwa upande wa kanvasi mi nilifanya hivi: kanvasi yangu kubwa ni sentimita 90 kwa 120, nikakata boksi la saizi hiyohiyo nikawa natembea nalo kila gari ninayoenda kuangalia. Muuzaji anakwambia buti ni kubwa sana bana, we unachukua boksi lako unajaribu kulisukuma ndani, linakwama mlangoni, mjadala umeisha. Pima mdomo wa buti, sio tumbo lake, kuna magari ndani ni ukumbi ila mlango ni dirisha.

Haya, tuje kwenye ukaguzi wenyewe. Nenda asubuhi jua likiwa bado chini, gari iwe kavu na isiwe imetoka kuoshwa dakika hiyo. Maji yanadanganya, yanaipa kila rangi mng'ao mmoja, na taa za ndani zinadanganya zaidi. Mtu yeyote anayechanganya rangi anajua hii: rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa, ukizitoa nje juani moja inakwenda ukijani nyingine uzambarau. Mlango uliopigwa rangi upya unafanya vilevile. Simama kwenye kona ya gari, chuchumaa, kunja macho kidogo kama unavyofanya ukitaka kuona kivuli na mwanga bila kusumbuliwa na vitu vidogovidogo, uangalie ubavu mzima kwa mkato. Tafuta paneli ambayo mwanga wake hautembei sawa na wenzake. Rangi ya fedha ndo msema kweli kuliko zote, ile chengachenga yake ya chuma inalala tofauti kulingana na alivyopuliza fundi, kwahiyo kuipatia sawasawa ni kazi ngumu sana. Rangi nyeupe inaficha mengi.

Ukishaona paneli unayoishuku sogea karibu. Angalia mipira ya milango na ya vioo, kama kuna ukungu wa rangi juu ya mpira ujue gari ilipulizwa bila kufunguliwa vizuri. Angalia vichwa vya bolti za boneti na za bawaba za milango, rangi ikiwa imechubuka pale inapokaa spana ujue paneli ilishawahi kutolewa. Beba na sumaku ndogo uliyoifunga kwenye kitambaa ili usikwaruze mali ya watu, kwenye bati la chuma itashika, kwenye puti nene (ile ya kujazia bati lililobonyea) itashika kwa uvivu au idondoke kabisa (bampa ni plastiki usihangaike nayo, na magari mengine yana boneti ya aluminiamu, hiyo nayo haishiki sumaku hata kama ni mpya). Kupigwa rangi peke yake sio dhambi, watu wanakwaruzwa na kuparuzwa kila siku. Unachotafuta ni kwanini ilipigwa.

Na hapa nakupa mbinu yangu moja ambayo muuzaji alinicheka nayo. Kaa chini uichore gari. Dakika kumi tu, penseli na karatasi, ukiwa mbele yake kabisa. Huhitaji kujua kuchora, mi mwenyewe magari yangu yanatoka kama viatu, ila ukichora unalazimika kuangalia kile kilichopo na sio kile unachodhani kipo. Gari ya pili niliyoenda kuona niliipenda mpaka nikaanza kuhesabu hela kichwani, nikakaa nikachora, nikafika kwenye ule mwanya kati ya boneti na madigadi. Kushoto unaingia kidole changu kidogo. Kulia haupiti hata ukucha. Nikafuta nikachora tena nikidhani mkono wangu ndo umekosea. Haukukosea. Nikafungua boneti, lile bati la mbele linaloshika rejeta lilikuwa na mikunjo iliyonyooshwa kwa nyundo na kupakwa nyeusi juu yake. Muuzaji akaanza kuongelea hali ya hewa.

Ndani ya gari sasa weka macho pembeni tumia pua. Mtu wa bustani anajua harufu ya udongo wenye afya na ile ya udongo uliokaa na maji ukaoza, basi harufu ya pili ukiikuta ndani ya gari usiipuuze, na kama gari ina manukato makali kupita kiasi muombe mwenyewe azitoe mfunge vioo dakika kumi afu uingie tena. Inua kapeti, bonyeza sifongo la chini yake kwa ngumi. Ingiza mkono kwenye shimo la tairi ya akiba. Angalia reli za siti kama zina kutu, na mkanda wa siti uvute mpaka mwisho kabisa, gari iliyozama kwenye mafuriko mara nyingi inaacha mstari wa tope kwenye ile sehemu ya mkanda ambayo haitokagi nje kila siku, na watu wanaosafisha wanaisahau. Gari iliyozama achana nayo hata upewe kwa bei ya baiskeli, umeme wake utakutesa pole pole kwa miaka.

Ila sio kila maji ni mafuriko. Gari yangu ya zamani nilikuwa naipaki chini ya mti miaka yote, ikaanza kulowa kapeti upande wa abiria, fundi mmoja akanibadilishia mpira wa mlango, bado ikalowa, akabadilisha na mpira wa kioo, bado. Siku moja nang'oa magugu nikatazama ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele pale zinapokaa waipa, majani yamejaa humo mpaka yamegeuka mboji, nyeusi safi kabisa, kuna na kijimche kimeota. Tundu za kutolea maji zilikuwa zimezibwa. Nikachokoa kwa mkono na waya laini, maji yakashuka, ugonjwa ukaisha bila hata senti. Kwahiyo ukiona kapeti mbichi angalia kwanza huo mfereji kabla hujakimbia.

Injini iangalie ikiwa baridi. Ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto na mlikubaliana saa ya kukutana basi huenda kuna mtu kaipasha makusudi, rudi siku nyingine. Ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha oili, chini yake kukiwa na utando mweupe kama maziwa mazito inawezekana maji yanaingia kwenye oili na gasketi ya silinda hedi inavuja, japo gari ya safari fupifupi nayo huweka utando kidogo kwa sababu ya unyevu, kwahiyo vuta na kijiti cha kupimia oili, huko nako kukiwa kumechafuka vile ondoka. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto hata kwa bahati mbaya. Waambie wawashe we ukiwa nyuma kwenye ekzosi: moshi wa bluu inakula oili, mweusi inakunywa mafuta kupita kiasi, mweupe mzito usioisha hata ikipata moto ni maji ya rejeta yanaungua (mvuke mwepesi asubuhi ya baridi ni kawaida, usitishike). Na kabla ya kuwasha angalia dashibodi ukizungusha swichi mpaka ON, ile hatua ya mwisho kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake afu izime gari ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu kaiua ili usiione.

Barabarani zima redio. Shika usukani kwa wepesi sehemu iliyonyooka na tupu uone kama gari inavuta upande mmoja, funga breki kwa nguvu kidogo usikie kama usukani unatetemeka, kata kona mpaka mwisho ukizunguka pole pole, ukisikia ka-ka-ka-ka kutoka kwenye tairi za mbele ni jointi zimechoka. Automatiki ipite gia bila kugonga. Pita na kwenye matuta. Halafu ukirudi paki pale pale, acha injini dakika kumi iwake na feni ijiwashe, ukichungulia chini kama inadondosha chochote. Tairi nazo zina namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mfano 2319 manake wiki ya 23 ya mwaka 2019, kashata (yale meno ya tairi yanayogusa barabara) zinaweza kuwa nzima ila mpira ushazeeka. Kilomita za kwenye dashibodi zilinganishe na raba ya pedali na ngozi ya usukani, pedali imeisha mpaka chuma afu kilomita elfu 40, hapana. Namba ya chesisi kwenye gari na kwenye karatasi zifanane herufi kwa herufi, hili usimuachie mtu akusomee. Na ukishamaliza yote hayo na bado unaipenda, lipia fundi wako mwenyewe, sio wa muuzaji, aje aipandishe jeki aipime na mashine. Sisi tunachuja tu, yeye ndo anathibitisha.

Limebaki la kuiaga ya zamani. Usiipige rangi mpya ili uiuze, hela hiyo hairudi na mnunuzi mwenye macho atajiuliza unaficha nini. Ioshe, sema ugonjwa wake wazi, hakikisha jina linabadilishwa kwenye nyaraka kabla hujakabidhi funguo zote, manake akipata ajali kesho na jina ni lako utaitwa wewe. Ukimwaga oili chakavu weka kwenye dumu lenye kifuniko upeleke gereji wanapoikusanya, usiimwage bustanini ukidhani inaua magugu, itaua magugu pamoja na udongo wenyewe. Maji ya rejeta yenye dawa ndo mabaya zaidi, ni sumu na yana utamu, mbwa na paka huyalamba. Tairi zilizoisha mi nimezigeuza vitalu vya maua, ya maua tu, vitu vya kula sipandi humo.

Afu kabla haijaondoka pitisha mkono chini ya siti zote na kwenye mifuko ya milango. Mi nilitoa sepeto ndogo, mbegu zilizomwagika na kuota kwenye kapeti, tyubu ya rangi ya bluu iliyokauka, na ile brashi yangu namba 8 ambayo nilimgombeza mtoto mwaka mzima kuwa kaipoteza. Imebidi nimuombe radhi, na bado ananidai fidia.