Kuchagua mtaa ndani ya esteti kubwa, Kampala na Wakiso: hatua kwa hatua

Esteti kubwa huuzwa kwa jina moja, iwe ya zamani ya National Housing kama Naalya na Lubowa, au mojawapo ya zile zinazopanda upande wa Kajjansi, Kigo na Garuga. Bango ni moja, geti ni moja, na bei ya desimali (sehemu moja ya mia ya ekari) haitofautiani sana kutoka kona hadi kona. Ndani yake, hata hivyo, mna kilele, mteremko na bonde. Mna awamu ambayo kila ploti ina hati yake, na jirani yake awamu ambayo bado imo kwenye hati mama, ile moja ya ardhi yote kabla haijagawanywa. Mnunuzi akishachagua esteti huona kazi imekwisha. Kazi yenyewe inaanzia hapo, na mpangilio wake ni huu: ardhi kwanza, karatasi pili, nyumba mwisho.

Hatua ya 1: Pata ramani yenye mhuri

Omba ramani ya mpangilio iliyoidhinishwa na kamati ya mipango ya manispaa au wilaya. Brosha ya rangi haitoshi, kwa sababu haina namba za ploti zinazotambulika wala upana wa barabara kwa mita. Zungushia kalamu mitaa miwili au mitatu unayoifikiria, na utazame kila sehemu iliyoandikwa eneo la wazi, eneo la biashara au akiba ya mtaro. Nyumba inayotazama uwanja wa wazi leo inaweza kutazama maduka kesho, ikiwa ramani inasema hapo ni pa biashara.

Hesabu pia ukubwa. Ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa ya desimali 12 na nusu kwa mazoea, lakini futi 5,000 za mraba ni desimali 11 na nusu tu. Hati huandika hekta, nayo itasema karibu 0.0465. Katika mitaa ambayo barabara ilipanuliwa baada ya upimaji, hata hizo hupungua. Ukilipa kwa desimali, lipa kwa zile zilizo kwenye hati.

Hatua ya 2: Weka ploti juu ya picha ya setilaiti

Hapa ndipo watu hupotea, na hapa ndipo pesa nyingi huokolewa. Lengo ni kuona ploti yako iko wapi hasa ukilinganisha na bonde, na bonde hilo lilikuwaje kabla ya esteti kuanza.

Mwombe muuzaji vipimo vya mawe ya mipaka ya ploti, au angalau vya kona za mtaa mzima. Utapewa karatasi yenye safu mbili za namba kwa mita, Easting (ya mashariki) na Northing (ya kaskazini). Kwa Naalya, Easting huwa karibu 460,000 na Northing karibu 41,000. Usishtuke kwamba Northing ni ndogo: tuko karibu mno na ikweta, na ukishuka kuelekea Entebbe inazidi kupungua. Wengi huona namba hiyo fupi wakadhani imekatwa, wakaongeza sifuri. Iache ilivyo.

Kosa kubwa linakuja sasa. Upimaji mwingi wa ardhi Uganda umo katika mfumo wa vipimo wa zamani uitwao Arc 1960, kanda ya ramani ya UTM 36 Kaskazini. Simu yako na Google Earth hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za karatasi ukaziingiza moja kwa moja kwenye Google Earth, ploti itaangukia takriban mita 300 kaskazini ya mahali pake. Mita 300 katika vilima vya Wakiso ni tofauti ya kilele na mafunjo. Kuna watu walioridhika na mtaa ambao si wao, na wengine walioukataa mtaa mzuri kwa sababu picha iliwaonyesha kinamasi cha jirani.

Kwa kazi hii tumia QGIS, programu ya ramani. Ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu, na inabadilisha mfumo yenyewe. Google Earth ibaki ya kutazamia tu. Fanya hivi: andika namba kwenye jedwali lenye safu tatu (jina la jiwe, Easting, Northing) na ulihifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu. Lifungue ndani ya QGIS kama tabaka la maandishi, na unapoulizwa mfumo wa tabaka hilo chagua EPSG:21096, namba ya Arc 1960 ya kanda hiyo. Ongeza picha ya setilaiti kama tabaka la chini. Programu ikikuuliza ubadilishaji upi utumike kati ya Arc 1960 na WGS 84, chagua ule unaotaja eneo linalojumuisha Uganda.

Kisha hakiki. Tafuta kitu kinachoonekana kwenye ramani na kwenye picha pia: makutano ya barabara, kona ya ukuta wa esteti, kalivati kubwa. Vikikutana ndani ya mita chache, uko sawa. Vikiachana kwa mamia ya mita, huenda karatasi yako ilipimwa kwa vifaa vipya na namba zimo tayari katika WGS 84. Badilisha mfumo wa tabaka uwe EPSG:32636, namba ya WGS 84 ya kanda ile ile, ujaribu tena. Vikiachana kwa mita 10 au 15 tu, mara nyingi ni picha ya setilaiti yenyewe iliyosogea. Kwa hiyo usiitumie njia hii kugombania ukuta na jirani. Ya ukuta ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa, aje kufungua mipaka, yaani kuyatafuta mawe upya. Awe wako, uliyemtafuta na kumlipa mwenyewe, hata kama esteti ina wake wa bure.

Ploti ikishakaa mahali pake, hamisha mipaka hiyo kwenye Google Earth ya kompyuta na ufungue picha za miaka ya nyuma. Rudi mwaka hadi mwaka. Mafunjo yanaonekana kama zulia laini la kijani kizito lisilo na vijia. Ukiona zulia hilo mahali ambapo leo ni udongo mwekundu uliosawazishwa, ujue mtaa huo umesimama juu ya kifusi. Hapo mjadala umekwisha, hata bei ikishuka nusu. Msingi utahitaji nondo na zege mara kadhaa ya kawaida, na mamlaka ya mazingira, NEMA, hubomoa: wakazi wa kinamasi cha Lubigi, Kampala, waliyaona mwaka 2024.

Kwa esteti za kando ya Ziwa Victoria pima pia umbali hadi ukingo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingoni. Na ukingo wenyewe unahama: Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa pale Jinja kilifika mita 13.42, na maji yakaingia majumbani Ggaba, Munyonyo na kwingineko. Mtaa unaotangazwa kwamba miguu yako itakuwa majini ndio wa kuukagua kuliko yote.

Ninapendekeza katikati ya mteremko. Kilele kina upepo mzuri na mandhari, lakini kina shida ya maji ya bomba, tutaiona mbele. Chini ya mteremko kuna maji ya kila mtu aliye juu yako.

Hatua ya 3: Tembea baada ya mvua

Nenda Aprili au Novemba, saa moja au mbili baada ya mvua kubwa, na uwe kwa miguu. Gari la muuzaji litakupitisha kwenye lami, litakushusha nyumba ya maonyesho, litakurudisha.

Tazama alama ya tope kwenye kuta za nje na nguzo za umeme. Tazama kalivati: bomba la milimita 600 chini ya barabara inayopokea maji ya kilima kizima litaziba kwa chupa na matawi msimu wa kwanza tu. Tazama mtaro unaishia wapi. Mitaro mingi imejengwa vizuri hadi mpaka wa awamu, kisha inamwaga kwenye ploti ambazo hazijauzwa bado. Hizo ndizo utakazoonyeshwa. Magimbi yaliyostawi yenyewe na miwa kwenye kona ya ploti ni dalili ya maji ya karibu.

Kama ploti haina nyumba, omba ruhusa ya kuchimba shimo la mita 1.5 na uliache usiku mmoja. Likikutwa na maji asubuhi, shimo la kunyonyea maji taka halitafanya kazi hapo, na utakuwa mteja wa kudumu wa lori la kunyonya. Likiwa kavu, chimba dogo la sentimita 30 chini yake, lijaze maji, liache lilowe hadi siku ya pili, ujaze tena, upime dakika ngapi maji yanachukua kushuka milimita 25. Yakizidi saa moja, udongo ni mzito mno. Mtaa wenye bomba la pamoja la maji taka hauhitaji jaribio hili, ila uliza bomba hilo linaishia kwenye mtambo gani na nani anaulipia.

Hatua ya 4: Hati ya mtaa, siyo ya esteti

Muuzaji akisema esteti ina hati, anasema kweli, na haikusaidii. Uliza mtaa huu, ploti hii. Kwa mailo, umiliki wa kudumu wa Buganda, utapewa kaunti, bloku na ploti, kwa mfano Kyadondo au Busiro na namba zake. Kwa lizi (ukodishaji wa miaka maalumu) na umiliki huru (freehold) utapewa volyumu na folio, namba za kitabu cha usajili na ukurasa wake. Peleka namba hizo ofisi ya ardhi ya kanda ufanyiwe uchunguzi rasmi. Ada ni ndogo na hulipwa benki kwa PRN, namba ya malipo ya serikali. Nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Barua ya uchunguzi iliyoletwa na muuzaji ni karatasi tu.

Majibu ya uchunguzi wako yakirudi na eneo la ekari kadhaa badala ya desimali zako, ploti bado imo kwenye hati mama. Soma ukurasa wa mizigo, yaani madai yaliyowekwa juu ya hati. Kuna rehani ya benki? Basi benki lazima iachilie sehemu yako kwa maandishi kabla hujalipa zaidi ya malipo ya awali. Kuna zuio la kuhamisha hati (caveat)? Jua nani aliweka na kwa nini. Awamu ambayo majirani wawili au watatu wa mtaa ule ule tayari wana hati kwa majina yao inazidi sana ile ambayo wote wana mikataba tu, hata kama nyumba za awamu hiyo ya pili ni nzuri zaidi.

Wasio raia wa Uganda, na wasomaji wengi wa Kiswahili hapa Kampala ni ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo, hawawezi kushika mailo wala umiliki huru. Mnashika lizi, isiyozidi miaka 99. Chagueni mtaa wa lizi na mhesabu miaka iliyobaki. Lizi ya miaka 49 iliyokwisha kula 20 inafika mwisho mkopo wa mwanao haujaisha.

Mitaa ya pembezoni ina jambo lake: vibanja, yaani ardhi ya wakaaji wa jadi wasio na hati. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda aliyekaa kwenye ardhi bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Ukuta wa esteti haumwondoi. Ukiona migomba mikongwe, kahawa, mti wa mutuba (wa nguo ya magome) au makaburi ndani ya mpaka, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na wazee wa pale, wasalimie vizuri, uulize familia ipi ilikuwa hapo na kama ililipwa. Omba kuona makubaliano. Makaburi yasiyohamishwa kwa ridhaa ya ukoo hayana dawa ya wakili.

Tenga pia asilimia 1.5 ya thamani kwa ushuru wa stempu. Thamani ni ile ya mthamini wa serikali, siyo ya mkataba wenu.

Hatua ya 5: Maji na umeme

Fungua bomba la nje la jirani wa mtaa ule saa moja asubuhi. Kileleni mara nyingi utapata hewa. Watu watano wanaotumia lita 60 hadi 80 kila mmoja humaliza tangi la lita 5,000 kwa siku 12 hadi 16, kwa hiyo tangi hilo ndilo dogo kabisa kwa mtaa wa juu. Usinunue la 1,000.

Kwa umeme, hakikisha mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla ya kutumia, ni yako, imesajiliwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Mita ndogo za esteti zinazogawa umeme wa mita moja kubwa huleta ugomvi wa bei kila mwezi, na jirani asiyelipa anawazimia wote. Hesabu nyumba zinazotegemea transfoma ya mtaa, na viwanja vitupu vitakavyoongezwa.

Hatua ya 6: Barabara

Ijaribu safari Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka mlangoni hadi kazini. Katika esteti kubwa dakika za kutoka mtaa wa nyuma hadi geti ni nyingi kuliko unavyodhani, hasa ukitegemea boda ambaye geti linamzuia. Upande wa Entebbe ongeza ada ya barabara ya kulipia, inayotozwa tangu Januari 2022. Upande wa Naalya na Kyaliwajjala, kumbuka Juni 3: mahujaji wa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda huko Namugongo hujaza barabara, na mtaa wenye njia ya pili ya kutokea Northern Bypass, barabara ya mzunguko wa kaskazini wa jiji, ndio unaopumua.

Hatua ya 7: Ada ya huduma

Omba hesabu za mtaa za mwaka uliopita, uone nyumba ngapi zinatakiwa kulipa na ngapi zinalipa. Gawanya gharama za walinzi, taka na taa kwa zinazolipa. Kiasi hicho ndicho utakachodaiwa ukishahamia, hata kama mkataba umeandika kidogo. Kama msimamizi hataki kuonyesha hesabu, mpigie mhazini wa wakazi wa mtaa wa jirani, ulinganishe, na uweke tofauti hiyo ndani ya bei unayoitoa.