Matundu ya tezini yakirudisha maji ndani

Boti ya faiba ikilowa sitaha hata ikiwa imetia nanga, usikimbilie kuziba matundu ya kutolea maji yaliyo tezini, yaani nyuma ya boti. Mvua kubwa ikinyesha usiku, hayo ndiyo njia pekee ya maji kutoka. Anza na uzito. Mashine ya boti (injini) ya viharusi vinne kwa kawaida ni nzito kuliko ya viwili yenye nguvu ileile. Ongeza tangi la petroli na betri hukohuko nyuma, tezi inazama na matundu yanashuka chini ya usawa wa bahari. Sogeza betri na tangi kuelekea katikati, mara nyingi yanatosha hayo.

Kama kinachobaki ni wimbi la nyuma tu, funga ulimi wa mpira kwa nje. Kata tyubu ya lori izidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, ishike kwa skrubu mbili zisizoshika kutu upande wa juu tu, chini iachie. Paka silanti kwenye matobo ya skrubu, la sivyo mbao iliyo ndani ya faiba itaoza. Magamba ya samaki na vipande vya mshipi hupenda kukwama chini ya ulimi na kuuacha wazi, kwa hiyo usuuze kila ukirudi. Tundu lenye paipu kwa ndani, weka klipu mbili kila ncha: ikichomoka, maji yanajaa ngamani, chini ndani ya boti, bila wewe kuyaona.