Mtoto akianza kusikia sauti: kwa wazazi tulioko England

Kijana aliyekuwa haachi mpira anaacha. Anajifungia chumbani, usiku halali, mchana hataki kuoga. Kisha siku moja anabandika karatasi kwenye kamera ya simu na kukuuliza kwa nini unampelekea jirani habari zake. Kwetu tutasema ana jini, au karogwa, au ni bangi tu. Wangu nilimsubiri miezi saba nikidhani ni mitihani. Miezi hiyo naijutia mpaka leo, maana saikosisi, yaani hali ya akili inayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, inavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyozidi kuwa kugumu.

Anza na daftari. Usiandike "amebadilika", andika tarehe na ulichokiona: usiku wa tatu hajalala, amekataa chakula akisema kina sumu. Muda wa GP, yaani daktari wa kawaida wa familia, ni mfupi, na ukishakaa mbele yake nusu ya mambo utayasahau.

Mtoto akikataa kwenda, nenda wewe. Hapa wazazi wengi hurudishwa mapokezi kwa neno "siri ya mgonjwa". Siri hiyo inaweza kumzuia daktari kukueleza habari za mtoto aliyekwisha kua. Haimzuii kukusikiliza wewe. Wakikugomea, andika barua, bakiza nakala. Omba kwa jina kijana apelekwe Early Intervention in Psychosis, timu inayopokea kuanzia miaka 14. Lengo la NHS, huduma ya afya ya serikali, ni wengi wao waanze tiba ndani ya wiki mbili tangu kupelekwa.

Kiingereza kikikupa tabu, dai mkalimani, hulipi kitu. Tafadhali usimtumie mdogo wake. Atasikia mambo mazito kuliko umri wake, na mengine atayapunguza makali ili usiumie.

Hali ikichafuka usiku, piga 111, simu ya NHS, kisha chagua 2, ya afya ya akili. Maisha yakiwa hatarini ni 999, na neno lako la kwanza liwe kwamba huyu ni mgonjwa. Anaweza kulazwa kwa Sheria ya Afya ya Akili ya 1983: section 2 (kifungu cha 2) ni hadi siku 28 za uchunguzi. Si kifungo, wala si kosa la jinai. Lakini ukilinganisha idadi ya watu, weusi hulazwa hivyo zaidi ya mara 3 ya Wazungu, na ndiyo maana nakusihi uende mapema, angali anakubali kuzungumza.

Dua iendelee, mimi mwenyewe sijaacha. Ila asiachishwe dawa kwa sababu ya dua, wala usimkatie tiketi ya Mombasa au Dar kabla hajatulia: saa nyingi ndani ya ndege, na huko wanaanza kumtibu bila faili lake.

Na wewe unayemlea, iulize halmashauri kuhusu tathmini ya mahitaji ya mlezi. Mimi niliiomba baada ya kuanza kulia kazini. Ningeiomba wiki ile ile aliyoandikiwa dawa.